Bati la Saima

"Bati la kuyeyusha limekwisha, Arvi," alisema Pentti mwenye duka huku akizima taa za dirishani. "Na hata lingekuwepo, nani anatengeneza risasi mkesha wa mwaka mpya? Watu wako nyumbani wanakula soseji."

"Nami nitakula. Nikishapiga shabaha."

"Piga, piga. Siku moja huyo babu yako atakupasukia usoni."

Huyo babu ni bunduki. Arvi Huusko alikuwa na bunduki ya jeshi ya zamani, kuukuu kuliko yeye mwenyewe, kitako kimelainika kwa mashavu ya askari asiowajua. Risasi za dukani hakuzitaka. Alizitengeneza mwenyewe kwenye meza ya jikoni: anaokota maganda yaliyokwisha kufyatuliwa, anayapachika fataki mpya, anapima baruti kwa mizani ndogo, kisha anakaza kichwa cha risasi alichokimimina kwa mkono wake ndani ya kalibu. Wenzake wa chama cha shabaha walimtania kwamba akiachiwa kondoo atafuma na soksi.

Ilikuwa alasiri bado, lakini jua la Desemba pale Kainuu halina subira; lilikuwa limeshatua nyuma ya misonobari. Binti yake, Outi, alikuwa njiani kutoka Oulu. "Nitafika jioni, Baba. Usinisubiri dirishani kama paka," alikuwa amemwambia kwenye simu. Arvi hakuwa na njia nyingine ya kuua saa hizo. Tangu mkewe Saima afe mwezi Machi, alikuwa akila amesimama, na usiku anaacha redio ikiongea ili asikie mtu akikohoa. Alikuwa mpweke, na alichoka kujidanganya kwamba amezoea.

Sasa, madini ya risasi peke yake yakiyeyushwa hayajazi kalibu vizuri. Vichwa vinatoka na makunyanzi. Yanataka bati kidogo ndani yake. Na bati lilikuwemo mle nyumbani; Arvi alilikumbuka tangu yuko dukani, ila hakutaka kujiambia.

Kila mkesha wa mwaka mpya, Saima aliyeyusha viatu vidogo vya farasi vya bati, kimoja kwa kila mtu, akamwaga kwenye ndoo ya maji baridi. Chsss! Kisha akaliinua donge mbele ya mshumaa na kusoma kivuli chake ukutani: safari, ndoa, ugonjwa. Majirani wengine walicheka wakayatupa, au wakayayeyusha tena mwaka uliofuata. Saima hakuthubutu; ya zamani aliyazamisha ziwani.

"Hili ni la mtu," alikuwa akisema. "Likiguswa na moto tena, mwenyewe anatolewa mahali pake."

Arvi alikataa katakata kumiminiwa la kwake. Kwa hiyo ndani ya kopo la kahawa, juu ya rafu, mlikuwa na madonge mawili tu ya mkesha uliopita. La Saima. Na la Outi.

Akachukua la Saima. Marehemu hana mahali pa kutolewa, alijiambia. Akalitupia kwenye risasi iliyoyeyuka, nalo likazama bila kelele. Vichwa vinne vikatoka vizuri, laini, vinameta. Cha tano kikatoka na makunyanzi.

Bunduki ile inakula risasi tano.

Akaitazama rafu. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejiona mjinga. Kisha akalitia na la Outi, akakimimina upya kile cha tano.

Uwanja wake wa shabaha ulikuwa nyuma ya sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke: ukingo wa theluji na karatasi moja mbele yake. Hakukuwa na upepo. Akalala juu ya gunia, akajaza risasi zote tano, ile ya Outi kwanza ikae chini kabisa, kisha zile nne juu yake. Akavuta pumzi. Akafyatua.

Karatasi haikutikisika. Theluji nayo haikuchimbika popote.

Akasikia harufu. Haikuwa ya baruti... ilikuwa ya iliki. Iliki na mkate mtamu unaotoka tanurini.

"Uzee," akanong'ona, akafyatua ya pili.

Kwaru... kwaru...

Mtu alikuwa anatembea kwenye theluji, kule nyuma ya karatasi. Arvi akainua kichwa. Hakuona mtu. Akadhani ni paa. Akapiga ya tatu hewani ili amfukuze.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Karibu zaidi.

Hapo ya nne ikatoka bila yeye kuamua. Mlio wake ukapotea juu ya ziwa lililoganda. Kisha, upande wa pili wa gunia, mahali ambapo angeweza kunyoosha mkono akagusa...

"Arvi."

"Saima?"

"Nilikuwa nimelala. Mbona umeniamsha?"

"Sikujua... Saima, sikujua."

"Huku hakuna mtu, Arvi. Hakuna hata wa kugombana naye."

Machozi yakamtoka. Yalikuwa ya furaha, tusimsingizie. Miezi yote ile aliomba asikie sauti hiyo hata ikimkaripia kwa kuingia na viatu vichafu.

"Bado moja," sauti ikasema. "Fyatua, nirudi ndani ya nyumba."

Akaisukuma risasi ya tano ndani ya mtutu kwa komeo la bunduki. Ikaingia kwa shida. Kidole kikakaa kwenye kifyatulio. Nyumba yenye taa, vikombe viwili mezani, mtu wa kuzima redio... Kisha akakumbuka.

"Hii ni ya Outi."

"Najua."

Kidole kikatoka chenyewe. Akavuta komeo aitoe risasi ile. Halikufunguka. Akalipiga kwa kiganja, akalipiga kwa gogo. Ganda lilikuwa limenasa ndani, na dawa ya ganda lililonasa kila mpiga shabaha anaijua: elekeza kwenye ukingo, fyatua, litoke. Dawa hiyo ndiyo asiyoweza kuitumia. Akavuta kitufe cha nyuma ya komeo, akakizungusha mpaka bunduki ikafungika isilie.

Taa za gari zikamulika misonobari. Outi amefika!

Arvi alimkumbatia mpaka msichana akalalamika. "Baba, mbavu zangu! Na hiyo bunduki vipi, umeingia nayo ina risasi? Wewe uliyenichapa kwa hilo?"

"Imenasa. Usiiguse, Outi. Nisikilize, usiiguse kabisa."

"Haya, mzee wangu, haya. Nenda kaweke kuni kwenye sauna, mimi napasha viazi."

Aliitundika nyuma ya mlango wa chumba chake. Angemweleza wakishakula, maneno yenyewe hakuyapata bado. Akatoka akachochea moto wa sauna. Hakuwa amemaliza hata gogo la pili.

Paa!

Alikimbia bila kofia. Outi alikuwa ukumbini, mlango wazi, bunduki mkononi imeelekea kwenye theluji, komeo limefunguka, moshi unapanda taratibu. Hakuwa na jeraha. Arvi akamshika mashavu. Yalikuwa na joto. Akamshika mabega, akacheka, akamshukuru Mungu kwa sauti. Uzushi mtupu! Mwanawe huyu hapa, mzima wa afya.

"Si nilikukataza?"

Yeye akaegemeza bunduki ukutani, akamfuta baba yake theluji ya begani kwa nyuma ya mkono, polepole.

"Ingia ndani, Arvi," akasema. "Umekonda mno."

Tangu azaliwe Outi hajawahi kumwita kwa jina.

Aliingia, akaenda moja kwa moja mwisho wa benchi la jikoni, pale ambapo hakuna aliyekaa tangu Machi. Akazima redio. Harufu ya iliki ikajaa chumba kizima. Arvi alibaki kizingitini, mkono kwenye kitasa.

Na huko nje, nyuma ya sauna...

Kwaru... kwaru...

"Baba?" Sauti ndogo, yenye kutetemeka. "Baba, mbona huku giza? Nifungulie, Baba."

"Funga mlango, mume wangu," akasema yule aliyekaa kwenye benchi, akimimina kahawa kwenye vikombe viwili. "Baridi inaingia."

Arvi alisimama pale. Alisimama muda mrefu kuliko inavyompasa baba kusimama.