Mistari Iliyozimwa

Chiriku alikuwa anaimba jikoni, na Fundi alimsikia mara mbili. Mara ya kwanza kupitia ukuta, kama siku zote. Mara ya pili, punde tu baadaye, kwenye spika za kompyuta ya mteja, na spika zenyewe hazikuwa zimechomekwa popote.

"Mwangwi huo," alijisemea, akaendelea na kazi. Ndivyo alivyokuwa: kila kitu alikipa jina la haraka ili asihangaike nacho.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Mke wake alishona nguo chumba cha pili, na binti yao wa miaka sita, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alishinda akizunguka kati yao na maswali yake. Wazazi walilalamika kwamba anawachosha. Uongo mtupu. Siku akilala mapema, nyumba iliwapwaya.

Kompyuta hiyo ililetwa asubuhi na Mwalimu, mama mmoja wa shule ya jirani. Mume wake alikuwa mwandishi wa programu, na mwaka mzima sasa hakuwa ametamka neno. Madaktari hawakuona ugonjwa wowote.

"Hili ndilo faili la mwisho aliloandika kabla hajanyamaza," alisema Mwalimu akilionyesha kwa kidole juu ya kioo. "Nataka lifanye kazi. Sitaki kingine."

"Kwani yeye anasemaje?" aliuliza Fundi, kisha akajing'ata ulimi.

"Hajui kama nimelileta."

Jina la faili liliishia na nukta na herufi tatu ambazo Fundi hakuwahi kuziona zikikaa pamoja. Alipolibofya, kompyuta ikamuuliza alifungue kwa programu gani. Akajaribu hii, likagoma. Akajaribu ile, zikatoka alama za ajabu ajabu. Mwishowe akatumia ile programu nyepesi ya maandishi matupu, likafunguka. Kumbe lilikuwa skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata mstari kwa mstari. Ila mbele ya mistari minne palikuwa na alama ya reli, hii #, na mstari wenye alama hiyo kompyuta huupita kana kwamba haupo. Ndivyo waandishi wa programu wanavyozima mstari bila kuufuta.

"Ndiyo maana haliendi!" Fundi alifurahi. "Jamaa kazima programu yake mwenyewe."

Haikumjia kabisa kwamba mtu anaweza kuzima kitu kwa sababu hataki kiwake. Maisha yake yote aliletewa vitu vilivyokufa avifufue. Akafuta alama ya kwanza, akaendesha skripti. Kompyuta ikaomba ruhusa ya kutumia kipaza sauti, naye akabofya "ndiyo" bila kusoma, kama tunavyofanya sote. Akafuta ya pili. Hapo ndipo aliposikia ule wimbo mara mbili.

Alipofuta ya tatu, chumba kikanuka nywele zilizoungua. Akaipapasa kompyuta kutafuta waya unaoungua, lakini ilikuwa ya baridi, baridi ya kuuma vidole. Angeacha hapo. Lakini alama ilibaki moja tu, na fundi gani huacha moja?

Alipoifuta, Chiriku alikuwa amesimama mlangoni akimsimulia habari za paka aliyenaswa juu ya paa, na sauti yake ikakatika katikati ya neno, midomo ikiendelea kucheza bila kutoa kitu, na lile neno likamalizikia kwenye spika, taratibu, kama mtu anayeonja chakula asichokijua.

Mke alitoka mbio, uzi ukiwa bado mdomoni. "Baba Chiriku," alinong'ona, "mbona mtoto haongei?"

"Naongea, mama," ilijibu spika. "Niko huku. Kuna giza."

Chiriku mwenyewe alikuwa ameshika gauni la mama yake kwa mikono miwili, anatikisa kichwa, hapana, hapana, hapana, machozi yanamtiririka, lakini mama alikuwa ameshaipigia magoti meza na kuweka sikio kwenye spika, kwa sababu sauti ni ya mwanawe na mama hawezi kuziba masikio.

Mwalimu, aliyerudi kuulizia faili lake, akaingia bila hodi. Spika ikabadilika, ikamwita kwa sauti nzito ya mwanamume, "Mke wangu," naye akaanguka kwenye kiti akilia.

"Nisameheni," alisema. "Nilitaka kumsikia tu. Mara moja tu."

Nyuma yake alikuja mume wake, aliyeikosa kompyuta nyumbani, anahema, kanyoosha mikono. Alimsukuma Fundi, akazirudisha alama zote nne kwa vidole vilivyozijua, na spika ikanyamaza. Harufu ikakata. Wote wakamgeukia Chiriku. Akafungua kinywa. Hakikutoka hata kikohozi.

"Rudisha sauti ya mwanangu!" Fundi alimkaba shati.

Yule bwana aliandika kwenye kioo: *Ni jini. Halirudishi. Likiwa wazi linatafuta mwingine.* Kisha akafunga kompyuta, akataka kuibeba.

Mama Chiriku akaikumbatia. "Hii haitoki humu ndani."

Bwana alimtazama mkewe amsaidie. Mwalimu alimtazama mama Chiriku, kisha akainamisha uso, akamshika mumewe mkono na kumvuta nje. Bwana alitembea kinyumenyume akigongagonga fremu ya mlango kwa kiganja, na hakuwa na njia nyingine ya kupiga kelele.

Walibaki watatu. Mchana ulikuwa mweupe, watu wanapita barabarani.

"Baba Chiriku, hizo alama zinafutwaje?"

"Umesoma alichoandika, mke wangu."

"Nionyeshe."

Angeweza kukataa. Alijua, na aliogopa, lakini na yeye alikuwa na kiu ya sauti ileile. Akaifungua kompyuta, akamshika mkono mkewe, akauongoza kwenye kitufe cha kufutia mpaka alama zote nne zikaisha. Chiriku alikuwa akimvuta gauni mama yake kwa nguvu zake zote.

"Mama," ilisema spika, kwa uchangamfu. "Nimechoka kukaa peke yangu. Niitie mtoto wa jirani tucheze."

Mama akafuta machozi, akaenda dirishani, akaita.