Pikapu ya Kushusha Boti

Sogeeni, sogeeni. Aliyekalia mguu wa mwenzake ainuke kidogo. Haya, sasa tumekaa.

Nyanjura aliishi juu ya kilima. Chini ya kilima kulikuwa na ziwa. Ziwa kubwa, la buluu. Shwaa, shwaa.

Baba yake alikuwa fundi wa boti. Watu walimwita Fundi Manyama. Zamani aliunda boti zake kulekule ufukweni.

Lakini mwaka huo mvua ilinyesha, ikanyesha, ikanyesha. Ziwa likapanda. Likameza karakana nzima!

"Basi boti hii nitaiunda nyumbani," alisema Baba. Akaiunda uani, karibu na banda la kuku.

Ko! Ko! Ko! Nyundo iligonga kila siku. Nyanjura alimshikia Baba misumari. Mdogo wake, Bwire, alishika... basi, Bwire alishika kuku tu.

Boti ikakua. Ikawa ndefu kuliko nyumba. Ikawa nzito, we acha tu! Kuku nao wakaanza kutagia humo ndani.

Baba akaipaka rangi ya njano. Majirani wakaja, wakasaidiana kuipandisha juu ya trela lenye magurudumu manne.

"Boti hii itavusha watu wa kisiwani," alisema Baba. "Watu na mihogo yao. Na watoto wanaokwenda shule."

Nyanjura aliipenda boti ile mno. Kila asubuhi aliibusu puani. Boti ina pua? Ya kina Nyanjura ilikuwa nayo.

Lakini boti haiwezi kukaa na kuku milele. Boti inataka maji.

"Tutafute pikapu," alisema Baba.

Ikaja pikapu ndogo nyeupe. Tii-tii! Dereva akashusha kioo. Akaitazama boti kutoka mbele hadi nyuma. Akaitazama kutoka nyuma hadi mbele.

"Ndiyo hiyo boti?" akauliza.

"Ndiyo hiyo," alisema Baba.

"Jamani! Mimi nilidhani mtumbwi!" Tii-tii! Akageuza gari, akaenda zake.

Ikaja pikapu nyekundu. VRUUUM! Iling'aa hata ungeweza kujiangalia meno. Dereva wake alikuwa kijana Masatu.

Ikaja pikapu ya buluu. Ngurrr... ngurrr... Ilikuwa pana, ndefu na nzito. Dereva wake alikuwa Mama Nyangeta.

"Shikamoo, Mama," alisema Nyanjura.

"Marahaba, mwanangu. Boti yenu nzuri hiyo!"

Sasa, kule kwao boti huvutwa kwa wimbo. Watu hushika kamba, huimba, huvuta. Kwa hiyo majirani wote walikuja kuimba. Hata asiyejua kuimba alikuja, tena huyo ndiye aliyeimba kwa sauti kubwa.

*Vuta, vuta, pikapu, vuta!*
*Boti inataka maji!*

Masatu akafunga trela nyuma ya pikapu nyekundu. VRUUUM! Ikazunguka uwanja mara moja, mbio mbio. Mbuzi wakatawanyika. Watu wakashangilia.

Mama Nyangeta naye akafunga trela. Ngurrr... ngurrr... Ikazunguka uwanja taratibu. Mtu mmoja akapiga miayo.

"Mama, hiyo inavuta au inasinzia?" akatania Masatu.

Mama Nyangeta akacheka. "Polepole ndio mwendo, mwanangu."

Baba akakuna kichwa. "Nyekundu ina nguvu bwana! Kesho asubuhi, nyekundu itaipeleka boti."

Watu wakaenda makwao. Nyanjura akatumwa chumvi dukani.

Duka liko chini kidogo, njia ya ziwani. Nyanjura akampakia Bwire kwenye kigari chao cha mbao. Akashika kamba, akavuta.

*Vuta, vuta, pikapu, vuta!* aliimba Nyanjura.

"Pii-pii!" alisema Bwire.

Uani kigari kilivutwa vizuri. Mbele ya nyumba kilivutwa vizuri. Halafu njia ikaanza kushuka.

Gonga! Kigari kikamgonga Nyanjura kisigino.

"Aii!" Akaongeza mwendo. Kigari nacho kikaongeza mwendo. Gonga! Gonga!

"Pii-pii!" alisema Bwire. Yeye alifurahi sana.

Nyanjura akageuka. Akakishika kigari kwa mikono miwili. Akakaza miguu, akaegemea. Kigari kikasimama. Akaweka jiwe mbele ya gurudumu.

Nyanjura akatweta. Akatazama njia. Kutoka nyumbani hadi ziwani, njia yote ilikuwa inashuka. Yote!

"Mama yangu!" alisema. Akakimbia kurudi nyumbani. Akamkumbuka Bwire. Akarudi kumchukua Bwire. Kisha akakimbia tena.

"Baba! Baba! Boti haitaki kuvutwa!"

"Eh! Inataka nini?"

"Inataka kushikwa! Tazama!" Akamwonyesha kisigino. Kilikuwa chekundu. "Kule mteremkoni kigari kinanisukuma. Boti nayo itaisukuma pikapu!"

Baba akatazama kisigino. Akatazama njia. Akakaa chini pu!

"Ufukweni ni tambarare," alisema polepole. "Maisha yangu yote navuta boti. Navuta tu. Sijawahi kushusha boti mlimani."

Baba aliogopa. Ndiyo, hata akina baba huogopa. Boti ikiteleza, itapasuka. Na Baba hakuwa na nyingine.

"Ahsante, mwanangu," alisema.

Asubuhi Baba akaleta trela lingine, dogo. Majirani wakalijaza mchanga.

"Leo hatujaribu kuvuta," alisema Baba. "Leo tunajaribu kusimama."

"Kusimama?" Masatu akacheka. "Kusimama hata mbuzi anaweza!"

VRUUUM! Pikapu nyekundu ikaingia kwenye mteremko mdogo nyuma ya nyumba. Masatu akakanyaga breki. Skriiii! Trela likasukuma. Mkia wa pikapu ukaenda huku, ukaenda kule. Puuu! Pikapu ikaishia katikati ya viazi vitamu.

Masatu akatoka. Hakuumia hata kidogo. Jani la kiazi lilikuwa kichwani mwake.

"Mmh," alisema. "Pikapu yangu ni nyepesi. Trela limenishinda."

Sasa zamu ya buluu. Ngurrr... ngurrr... Mama Nyangeta akaweka gia ya polepole kabisa. Trela likasukuma. Pikapu ikashuka taratibu.

"Simama!" alisema Baba.

Ikasimama. Katikati ya mteremko, tuli.

"Shuka!"

Ikashuka.

"Simama!"

Ikasimama. Trela halikufua dafu.

"Ndiyo hiyo!" alisema Nyanjura. Akaruka juu. "Ndiyo hiyo, Baba!"

"Ndiyo hiyo," alisema Baba.

Masatu akatoa jani kichwani. "Basi mimi nitabeba waimbaji," alisema. Watu wakacheka, wakapanda pikapu nyekundu mpaka ikajaa.

Boti ya njano ikafungwa nyuma ya pikapu ya buluu. Watu wakajiandaa kuimba. Lakini wakatazamana. Wataimba *vuta* vipi, na boti inashuka?

Hakuna aliyejua wimbo wa kushusha boti.

Nyanjura akaanza, kwa sauti ndogo:

*Shika, shika, pikapu, shika!*
*Boti isikimbie!*

Wote wakaitikia. Ngurrr... ngurrr... Pikapu ikaanza kushuka.

Baba alitembea pembeni, amemshika Nyanjura mkono. Mkono wa Baba ulikuwa umelowa jasho.

Wakapita dukani. Wakapita shuleni. Wakafika kwenye kona kali.

Kriii, trela likalia. Boti ikayumba. Waimbaji wakaacha kuimba. Nyanjura akafumba macho.

"Shika," alinong'ona. "Shika, jamani, shika."

Pikapu ikasimama. Mama Nyangeta akavuta pumzi. Boti ikatulia. Kisha, ngurrr... ngurrr... wakaipita kona, taratibu kama mtu aliyebeba uji wa moto.

Na mbele yao, ziwa! Shwaa, shwaa.

Pikapu ikageuka, ikarudi kinyumenyume hadi majini. Baba akafungua kamba. Boti ikateleza.

Chubwiii!

Ikazama kidogo. Ikainuka. Ikaelea!

"Inaelea!" alipiga kelele Nyanjura. Baba akacheka, machozi yakamtoka, akacheka tena. Mama Nyangeta akapiga honi. Masatu akapiga honi. Bwire, ambaye hana honi, akasema pii-pii.

Siku ile watu walikula samaki pale ufukweni, wakaongea, wakacheka. Jua likaanza kushuka.

"Nyanjura yuko wapi?" akauliza Baba.

Hakuwa kwenye pikapu nyekundu. Hakuwa kwenye pikapu ya buluu.

Baba akaingia majini hadi magotini. Akachungulia ndani ya boti, iliyofungwa kwa kamba pale ufukweni.

Nyanjura alikuwa amejikunja kwenye ubao wa mbele. Amelala fofofo. Maji yalimbembeleza, huku na huku, huku na huku.

"Abiria wetu wa kwanza," alisema Baba kwa sauti ya chini.

Hakumwamsha. Alivua koti lake, akamfunika. Kisha akapanda, akakaa karibu naye, akasubiri.

Na hapa je, nani bado yuko macho? Nimekuona. Haya, fumba jicho moja. Sasa la pili.