Jibu la Kaka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimtengea kaka yake kifungua kinywa, akamtafutia viatu, kisha akamjibia maswali. Hilo la mwisho hakutumwa na mtu. Jirani akiuliza, "Kijana, umeamkaje?" Chiriku alishadakia, "Ameamka salama!" Jina lile la utani hakupewa bure, mdomo wake haukuwa na breki.

Kaka alikuwa kijana mkubwa, lakini maneno yalimtoka kwa taabu. Alizaliwa na ulemavu wa ukuaji, yaani alijifunza kusema na kutenda mambo taratibu kuliko wenzake. Kwa ajili yake mama alianza kazi katika kituo cha vijana wa aina hiyo, akiwafundisha kuvaa, kupika na kununua vitu dukani. Sasa mkuu wa kituo alikaribia kustaafu, na mama alitamani kushika nafasi yake. Ili aipate, ilimpasa asomee shahada ya uzamili ya huduma na uongozi kwa watu wenye ulemavu huo. Mwaka uliopita aliomba chuoni, akakataliwa.

"Safari hii wanataka video fupi," mama alisema wakati wa chakula cha jioni. "Wanione nikizungumza na mtu ninayemhudumia. Mwanangu, utakubali?"

Kaka alitikisa kichwa kukubali.

"Kesho nitakuuliza swali moja tu: ungependa watu wakusaidie vipi? Fikiria mwenyewe."

Chiriku alishikwa na hofu. Video nzima ya kaka akitafuta neno? Watamnyima mama nafasi tena! Baada ya kuosha vyombo alimvuta kaka uani.

"Sema hivi: mama yangu ananisaidia vizuri sana. Haya, rudia. Na usimwambie mama, sawa?"

Kaka alikunja uso, lakini alirudia mpaka akashika.

Kesho yake mama aliketi mbele ya kaka, Chiriku akashika simu. Swali likaulizwa. Kaka alimtazama dada yake, kisha akatoa ile sentensi yote bila kukwama.

"Jamani, mwanangu!" Mama alimkumbatia, machozi yakimlengalenga. Kaka hakumkumbatia. Alijitoa polepole, akaenda kuketi kizingitini.

"Ana nini kakako?" mama aliuliza.

"Amechoka tu," Chiriku alidakia.

Mama alichukua simu kuandaa maombi, maana mwisho wa kuyapokea ulikuwa jioni ile. Chiriku alimfuata kaka, akamkuta akinong'ona peke yake, akilitafuta neno.

"Unasema nini, kaka?"

Kaka alimpa mgongo. Hakuwahi kumfanyia hivyo hata siku moja! Moyo ulimuuma Chiriku, akarudi ndani mbio.

"Mama, usitume! Yale si maneno yake. Mimi ndiye niliyemkaririsha."

Mama aliiweka simu mezani. "Kwa nini, mwanangu?"

"Niliogopa watakukataa tena. Kaka anachelewa sana kujibu."

"Ukamwonea aibu kaka yako?"

Chiriku alitaka kukana, akashindwa. Aliinamisha kichwa na kulia. Mama alimfuta machozi, akamwambia akamwombe kaka radhi na kumuuliza kama angekubali kurudia. Chiriku alimwomba radhi, kaka akainuka na kurudi kitini, naye Chiriku akashika simu tena.

Mama aliuliza tena, akaweka mikono mapajani kama walivyozoea kituoni: ukishauliza, unatulia mpaka mwenyewe ajibu. Kaka alifungua kinywa, akakifunga. Ulimi wa Chiriku ulimwasha kwelikweli, lakini alijikaza.

"Mni... mnisubiri," kaka alisema hatimaye. "Chiriku akinijibia... mimi... sipo."

Chiriku alizima kamera, akamrudishia mama simu. Mama aliituma video ile jinsi ilivyokuwa, hakukata hata kidogo.

Majuma kadhaa yakapita, ndipo mhadhiri mmoja wa chuo akapiga simu.

"Hongera, mama, umepata nafasi. Wengi wametuletea video za kupendeza. Wewe tumekuona unavyosikiliza."

Mama alipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani. Kaka alimwinua Chiriku juu, wote wakicheka.

Walipotulia, mama aliwaketisha kando yake. "Chiriku, ulitaka kunisaidia, najua. Lakini uongo wa kumpendezesha mtu ni uongo vilevile, na ulimnyang'anya kaka yako neno lake. Kumsaidia mtu si kufanya kila kitu kwa niaba yake. Anachokiweza, mwache akifanye, hata akichelewa."

"Nimeelewa, mama."

Jirani, aliyekuwa bado dirishani, aliuliza, "Kijana, kuna nini leo humo ndani?"

Chiriku aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Jirani akasubiri. Mama akasubiri.

"Mama," kaka alisema, akitabasamu, "anaenda... shule."