Mgeni wa Kiwanda cha Ngozi

Alasiri hiyo Shemsa alikuwa peke yake ndani ya kontena walilolifanya ofisi kwenye kiwanja cha kiwanda cha zamani cha ngozi, anaandika ripoti ya wafadhili, aliposikia mtu mlangoni akisema, "Hodi." Akajibu "Karibu" bila kuinua kichwa, kama ambavyo mtu yeyote wa Unguja angejibu. Hakuna aliyeingia. Mlango ulikuwa wazi, jua limejaa kizingitini, na kiti cha plastiki cha upande wa pili wa meza kikalia kidogo, kama kinavyolia mtu mzito anapokikalia.

Ndipo ikaja harufu ya ngozi mbichi iliyolowekwa. Watu wa Mpendae walioishi nyuma ya kiwanda kile waliijua harufu hiyo kuliko ya vyungu vyao wenyewe, lakini kiwanda kilifungwa zamani na mapipa yake yalishaondolewa. Shemsa alikitazama kiti, akakiona kitupu, akarudi kwenye ripoti yake. Alikuwa amechoka mno hata kuogopa.

Na uchovu ule alikuwa na haki nao. Miaka mingi alikuwa akiwakimbilia wafadhili watoe fedha za kusafisha kiwanja kile, ambacho udongo wake ulikunywa dawa za kusindika ngozi mpaka ukageuka kijani. Aliandika maombi, akaambiwa aandike upya. Alihudhuria mikutano yenye sambusa nyingi na majibu machache. Hakufanya hayo kwa kutaka cheo. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya ukuta wa kiwanda, na kila kaskazi ikivuma, vumbi lile liliingia moja kwa moja kifuani mwa bintiye Yusra, akakohoa mpaka akalia.

Sasa udongo mbovu ulishachimbwa na kupelekwa mbali, mchanga safi umemwagwa, kimebaki kipimo cha sumu cha Alhamisi. Kikitoka safi, fungu la mwisho litatolewa na patajengwa uwanja wa kuchezea watoto. Kikitoka kichafu, wafadhili watafunga mafaili yao waende zao, na vumbi litaendelea kupeperukia nyumbani kwake.

Muhiddin, msimamizi wa kazi, aliingia akasita hatua moja ndani ya mlango. Akanusa.

"Nani alikuwa humu?"

"Hakuna. Kuna mtu kapiga hodi, nikamjibu, hakuingia."

"Kapiga hodi ngapi?"

"Moja tu."

"Na ulimuona kabla hujamjibu?"

"Muhiddin, nna ripoti hapa."

"Bi Shemsa, mie nlikwambia tokea mwanzo," alisema kwa sauti ya chini, macho yake hayatoki kwenye kile kiti. "Tusome hitma, tuchinje mbuzi, tuwatake radhi wenye mahali, ndipo tuchimbe. Weye ukanambia bajeti haina fungu la mbuzi."

Kweli haikuwa nalo. Ilikuwa na fungu la barakoa, la vibao vya onyo, hata la semina ambayo hakuna aliyekumbuka ilihusu nini, ila mbuzi hakuwamo, na Shemsa aliona haya kumwomba mfadhili mbuzi wa majini. Angeweza kumnunua mwenyewe. Alijiambia atamnunua baadaye, na baadaye, mpaka udongo wote ukaondoka.

Kesho yake walipima kwa majaribio. Mchanga ulioletwa juzi, mweupe kama unga, ulikuwa na sumu nyingi kuliko udongo wa zamani. Wakauzoa, wakaleta mwingine, nao ukawa vilevile. Vibarua wakaanza kutafuta visingizio vya kutokuja kazini, na Shemsa hakuwalaumu.

Harufu ilimfuata nyumbani. Aliikuta kwenye kanga zake, ndani ya mtungi wa maji, kwenye mto wa Yusra. Na siku moja, mchana mweupe, adhana ya adhuhuri haijamalizika, akiwa amempakata Yusra anamkanda kifua kwa mafuta ya nazi, alisikia pumzi ya mtoto ikipanda na kushuka kwa tabu kama kawaida yake, kisha akasikia pumzi nyingine nyuma ya pazia, nzito, yenye maji ndani yake, inapanda mtoto anapopumua na kushuka mtoto anaposhusha, na mtoto alipoacha kupumua ili akohoe nayo ikaacha, ikangoja, mpaka alipomaliza, ndipo ikaendelea taratibu kama mtu aliyechoka safari.

Shemsa hakulifungua pazia. Alimpigia simu Muhiddin. "Nitafutie fundi wa majini," alimwambia.

Fundi alikuwa Bi Mwanakheri, bibi mwembamba kutoka Tumbatu aliyesifika kwa kuzungumza na majini bila kupiga makelele. Aliwasha ubani ndani ya kontena, akaweka sinia ya halua na marashi mbele ya kile kiti cha plastiki, kisha akakaa chini.

"Shikamoo, bibi," alisema Shemsa.

"Marahaba, mwanangu. Ni weye uliyemkaribisha?"

"Ni mie."

Bibi akatikisa kichwa. Alikiinamia kiti, akanong'ona, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Huyu si wa kufukuzwa," alisema hatimaye. "Anayeingia bila ruhusa ndiye hutolewa. Huyu kaomba, kajibiwa. Anasema alikuwepo hapa kabla ya kiwanda. Watu wakammiminia dawa zao miaka nenda miaka rudi, akavumilia. Sasa mmemchukulia hata udongo aliolalia. Anauliza, nyie mlipewa fedha za kuuhamisha udongo. Yeye mmemhamishia wapi?"

Shemsa alimwonea huruma yule asiyeonekana, na huruma hiyo ikamtisha kuliko harufu.

"Anataka nini?"

"Anataka kiti. Mtu wa kumkalia. Akimpata ataondoka mchangani na uchafu wake wote. Asipompata atabaki humo humo, pimeni mpaka mchoke."

"Bi Shemsa, usithubutu," Muhiddin alinong'ona kutoka mlangoni. "Ziache hizo fedha zao ziende."

Shemsa alikifikiria kifua cha Yusra. Alifikiria kuanza tena maombi kutoka ukurasa wa kwanza, na machozi yakamtoka.

"Asimguse mwanangu," alisema.

Bibi akasikiliza. "Kakubali. Yeye kwa mkono wake hatomgusa."

"Basi mwambie karibu."

"Mwambie mwenyewe."

Akamwambia, safari hii akiwa ameinua kichwa. Kiti kikalia kama kinavyolia mtu anapoinuka, na kitu kizito, baridi, kikamlalia mabegani kisha kikazama.

Alhamisi kipimo kilitoka safi. Wafadhili walipiga picha, fungu la mwisho likaja, na pale palipokuwa na shimo pakawekwa bembea. Kaskazi ikavuma na Yusra hakukohoa. Majirani walimsifu Shemsa kila alipopita, naye aliwapungia mkono kwa mbali, kwa sababu walipomkaribia walianza kunusa huku na huku. Hodi alikuwa haitikii tena mpaka aone uso.

Jioni moja Yusra alirudi kutoka chuo cha Kurani, juzuu kifuani, amejaa vumbi safi la uwanjani. Akaushika mkono wa kulia wa mama yake, akaubusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Lakini mtoto hakuuachia mkono. Alifunzwa vizuri, alijua hairuhusiwi kumruka mtu mzima katika salamu. Akakiinulia macho kifua cha mama yake, akasema kwa adabu ileile, "Shikamoo."

"Marahaba," ilijibu sauti nzito, yenye maji ndani yake, kutoka kinywani mwa Shemsa. "Njoo nikupakate."

Shemsa alitaka kuuziba mdomo wake. Mkono wa kulia ulikuwa umeshikwa na mtoto, na wa kushoto ulishaanza, wenyewe, kumpapasa Yusra kichwani.