Ubatizo wa Baba Rose

Tegeni masikio, ninyi mnaosali kanisani na ninyi majirani mnaoswali msikitini, maana kilio cha nyumba hii kilivuka ua kikatufikia sote.

Asubuhi moja ya msimu wa korosho, katika kijiji cha Mkunya, Severina alikuwa ameketi kwenye jamvi nyuma ya nyumba yake, akinyofoa korosho kutoka kwenye mabibo. Mwanawe Rose, msichana wa kidato cha pili, alikaa upande wa pili. Walikuwa wanamcheka kuku wa jirani yao Mama Faudhia, aliyezoea kuja kutaga ndani ya kapu lao. Harufu tamu ya mabibo ilijaa uani. Ungepita ungesema, hapa pana amani.

Mara Gervas, mume wa Severina, akatokea njia ya shambani. Alikuwa amekunywa uraka, pombe ile ya mabibo, tangu kulipopambazuka. Hakutoa salamu.

"Mnacheka nini?"

"Tunamcheka kuku tu, Baba Rose."

"Mnanicheka mimi."

Teke la kwanza lilimpata Severina mbavuni. La pili alilikinga kwa mkono, na mfupa ukalia hata Rose akausikia. Gervas hakukoma. Alimkanyaga pale pale jamvini, mabibo yakipasuka chini ya viatu vyake, mpaka alipochoka akaingia ndani kulala.

Haikuwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo alikwisha kumng'oa meno ya mbele, na kumburuta kwa nywele hadi barabarani. Watu walisikia, wakasema mambo ya mume na mke hayaingiliwi. Nauliza tu, ndugu zangu: nyumba ikiwaka moto, nayo huwa tunaiachia mume na mke?

Safari hii habari zilimfikia mjomba wake Severina, mzee Abuu, anayekaa Mkomaindo kule Masasi. Mzee Abuu ni Mwislamu. Dada yake aliolewa na Mkristo, ndiyo sababu Severina alilelewa kanisani. Lakini damu ni damu, na huku kwetu mjomba ana sauti. Alifika akamkuta mpwa wake amefungwa mkono kwa kanga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kusanya vyako, mwanangu. Hatukukutoa nyumbani uje uvunjwe mifupa."

Gervas akaona mke anaondoka. Akapiga magoti. "Mjomba, nisamehe. Pombe naiacha leo. Naingia darasa la ubatizo, nazaliwa upya!"

"Mambo ya kanisa siyajui," mzee Abuu akasema. "Kama dini yenu itamfunga huyu mikono yake, sina neno. Ila nisije nikasikia tena."

Severina akabaki. Aliamini. Nani asingependa kuamini?

Darasa la ubatizo lilifundishwa na Mwalimu Elineema, mtu wa Upare anayefundisha shule ya msingi. Rose naye alijiandikisha, kwa hiyo baba na binti wakawa wanakaa benchi moja. Mwalimu hakuwa na haraka. Aliwaambia kwamba kuzamishwa majini ni kuzikwa pamoja na Kristo, na kuinuliwa ni kufufuka naye.

"Tunazika aliyekufa," alisema. "Yule mtu wako wa zamani kama bado anapumua, bado anapiga, bado anaiba, usimlete majini ukadhani atazama mwenyewe. Tubu kwanza. Mwendee uliyemkosea, umwambie kosa lako kwa kinywa chako."

Siku hiyo hiyo Rose alikwenda kwa Mama Faudhia, akasimama mlangoni. "Mama, yale mayai ya kuku wako nilikuwa nayala. Nilikudanganya kwamba hatagi kwetu. Naomba unisamehe."

Mama Faudhia alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamkumbatia. Rose akarudi nyumbani kama mtu aliyetua ndoo ya maji baada ya mlima.

Gervas aliposikia, alidharau. "Kwa mayai?" alisema darasani.

Mwalimu akamgeukia. "Na wewe, Baba Rose, umemwambia nini Mama Rose?"

"Ya ndani hayaletwi darasani. Tena si maji ndiyo yanaondoa dhambi? Yakishaondoa, kuna haja gani ya kuzitaja?"

"Maji hayamwondolei mtu kitu alichokikumbatia," Mwalimu akajibu. "Wewe bado. Subiri."

Gervas alirudi nyumbani akitweta. Akamshtaki mkewe kwamba ndiye aliyempelekea Mwalimu maneno. Alimfungia chumbani, akampiga kwa mpira wa baiskeli mpaka ngozi ya mgongo ikapasuka. Rose alipiga mlango kwa ngumi nje, akilia, "Baba, basi! Baba, basi!"

Asubuhi yake Severina alikwenda kwa Mchungaji Mathias. Mbele ya mke wa mchungaji alishusha kanga, akaonyesha mgongo.

"Mchungaji, huyu si wa kubatizwa. Tazama."

Mchungaji Mathias hakuwa mtu mbaya. Ila wageni wa makanisa mengine walikuwa wamealikwa, na Gervas, mlevi aliyejulikana hadi Kitangari, angekuwa ushuhuda mkubwa. Akageuza uso.

"Mama Rose, hizo ni vurugu za shetani kwa kuwa ubatizo umekaribia. Vumilia. Akitoka majini atakuwa kiumbe kipya."

Mwalimu Elineema alipopinga, akaambiwa asiwazuie watu kuingia mbinguni.

Maji huku kwetu uwandani si kitu cha kumwaga, mnajua. Akina mama waliyabeba kwa ndoo kujaza birika la ubatizo, na Severina, mgongo bado unachuruzika, alibeba pamoja nao. Jumapili ilipofika, Rose aliingia majini akilia taratibu. Gervas aliingia kifua mbele. Alipoulizwa kama anatubu, alijibu "Ndiyo!" kwa sauti iliyotikisa mabati. Vigelegele vikapigwa. Wageni wakampungia vitambaa.

Kweli, pombe aliiacha. Lakini alianza kuushika ubatizo wake kama rungu. Severina akiomba msaada wa kubeba kitu kwa sababu ya mkono, Gervas alimkaripia: "Gervas wa zamani amekufa! Anayemtaja anamtumikia shetani." Mkono wenyewe uliunga vibaya, umepinda. Haukuruhusiwa kuuma.

Alasiri moja Severina na Rose walikuwa wakitwanga makopa, muhogo mkavu wa kupikia ugali. Akina mama wawili wa kanisani wakapita. Mmoja akaona jinsi Severina anavyoshika mchi kwa taabu.

"Mkono huo ulipatwa na nini, Mama Rose?"

Severina akainamisha kichwa. Rose ndiye aliyejibu, bila hasira: "Baba aliuvunja."

Akina mama wakatazamana, wakaaga upesi. Gervas alikuwa sebuleni, amesikia yote. Akatoka. Hakuwa amekunywa hata tone. Wekeni hilo moyoni.

"Dhambi iliyozama majini ninyi mnaifukua?"

Akaupokonya mchi mikononi mwa mkewe. Pigo la kwanza lilimwangusha Severina juu ya kinu. Gervas akauinua tena, na Rose akajitupa katikati.

"Baba, ulisema ndiyo mbele ya Mungu!"

Mchi ukamshukia usoni. Rose akaanguka bila kupiga kelele, damu ikimjaa jicho la kushoto. Gervas, macho yamemtoka, akauinua mara ya tatu. Hapo Mama Faudhia akaingia mbio, akaudaka mchi kwa nyuma. Wanawake wengine wakaruka ua. Walimwangusha, wakamng'ata, wakampiga kwa miko na vifuu, wakamfunga kwa kanga zao mpaka mgambo walipofika. Safari hii hakuna aliyesema ni mambo ya mume na mke.

Rose alipona, lakini jicho halikupona. Severina alimchukua wakahamia Mkomaindo kwa mzee Abuu.

Kabla ya kesi kusikilizwa, Mchungaji Mathias alifika huko na mzee mmoja wa kanisa. Waliomba Severina asitoe ushahidi, jina la kanisa lisichafuke.

"Mchungaji," Severina akasema, "nilikuonyesha mgongo, ukasema shetani. Jicho la mwanangu nalo tuseme shetani?"

Mchungaji aliomba radhi huku ametazama sakafu, akaondoka.

Severina akaenda mahabusu. Alitaka kumtazama mumewe usoni. Gervas alianza kabla ya salamu.

"Mimi nimeshasamehewa. Nilibatizwa! Wewe ni nani unishtaki?"

"Uliingia majini umebeba makosa yako," Severina akamwambia. "Ukatoka nayo yote. Ulilowa tu, Baba Rose."

Gervas akasogea karibu na nondo, akauliza kwa sauti ndogo, "Jicho la mtoto... linaona hata kidogo?"

"Wamelitoa."

Akashikilia nondo. "Ni mimi," akasema. "Si pombe. Si shetani. Ni mimi nimempiga mwanangu. Na wewe nimekuvunja mkono, mimi."

Severina alilia. Alikuwa amengoja maneno hayo miaka yote ya ndoa yake. Akafuta machozi kwa pindo la kanga.

"Nimekusikia. Na kesho mahakamani nitasema yote."

Alisema yote. Gervas hakukana hata moja. Alihukumiwa kifungo, na siku alipopelekwa gerezani aliomba kitu kimoja: Mwalimu Elineema aje amfundishe upya, tangu somo la kwanza.

FUNZO

Ubatizo si sabuni ya kuficha uchafu, wala si ngao ya kumkinga mtu na mjomba wa mkewe. Ni kaburi la utu wa kale, na anayeshuka humo sharti awe ametubu: ameliita kosa kwa jina lake, amemwendea aliyemkosea, ameacha. Mungu husamehe, lakini msamaha wake haumfungi mdomo aliyeumizwa, wala haumtoi mwenye jinai mikononi mwa sheria. Nanyi wachungaji, msihesabu vichwa vinavyotoka majini kabla ya kuuliza migongo iliyobaki nyumbani. Mke akikuonyesha jeraha, usimwambie avumilie. Mwamini, mwondoe hatarini siku hiyo hiyo, kisha ndipo uende ukamfundishe mumewe maana ya kufa na kufufuka.