Gome la Pande Zote

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Mama aliponiambia dawa imekwisha.

"Kaniletee gome jingine, mwanangu. Nisilale bila kunywa."

Kaka hakuwepo. Alikuwa ametoka kuwapelekea wateja wake dawa, na mtu akishaanza kuitwa daktari barabarani, hukawia sana kurudi nyumbani. Nikachukua panga na kikapu, nikaondoka.

Niseme mapema kwamba nilikuwa na kinyongo. Baba yetu alikuwa mganga wa miti shamba, na mimi ndiye niliyemfuata porini tangu utoto. Nilimbebea kikapu, nikajifunza jani la homa na mzizi wa kikohozi, nikatwanga mpaka viganja vikaota sugu. Kaka alikuwa akiziba pua akipita karibu na kinu. Baba alipofariki, ukoo ukakaa kikao, mkoba wa dawa akapewa kaka kwa kuwa ni mwanamume. Mimi nikaachiwa kinu. Mwenye nguvu mpishe, waliniambia, nami nikampisha.

Kisha Mama akaugua tumbo. Alikwisha, akabaki mifupa na macho. Hospitali walisema tumrudishe nyumbani, tusimsumbue. Kaka akatoka na panga, akarudi na gunia zima la magome, mekundu kwa ndani, yenye harufu ya kukwaruza koo. Nikachemsha, Mama akanywa. Akaketi. Akaomba chakula, akala, akaomba tena. Mashavu yakajaa. Kutembea bado, lakini alisema nguvu zinarudi polepole. Majirani walikuja kushangaa, na magome yaliyobaki kaka akawauzia wagonjwa wa mtaa mzima.

Hakuniambia aliyatoa wapi. Eti siri ya mganga! Kana kwamba si mimi niliyekuwa nikimshikia Baba kikapu chini ya mti ule ule. Gome jekundu namna ile lilitoka mahali pamoja tu, nyuma ya tanuru la matofali lililoachwa, kando ya kijito.

Nilipofika, kwanza nilitazama juu. Majani yalikuwa mazito, ya kijani, yanang'aa. Moyo ukatulia. Kisha nikashusha macho.

Mti ulikuwa umechunwa pande zote.

Baba alikuwa akichuna upande mmoja, upana wa kiganja, halafu anakipaka kidonda udongo na kuuacha mti upone. "Ng'ombe wa maziwa hukamuliwa," alikuwa akisema, "hachinjwi." Kaka alikuwa amechinja. Usawa wa kiuno changu, gome lilikuwa limeondolewa lote, ikabaki pete pana, nyeupe, yenye unyevu. Harufu yake haikuwa ya dawa tena. Ilikuwa tamu… tamu ya kidonda kilichofungwa muda mrefu.

Ndipo nikasikia.

Pa… pa… pa…

Upande wa pili wa mti, mtu alikuwa anapigapiga udongo kwa kiganja.

Nikazunguka taratibu. Alikuwa mzee, amechuchumaa, amenipa mgongo. Mikono yake ilikuwa imejaa udongo mpaka viwikoni.

"Shikamoo, babu."

Hakuitikia. Mzee gani huyu asiyeitikia shikamoo?

"Bado anakula?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nani?"

"Aliyekunywa."

Nilitaka kukimbia, lakini mdomo ukajibu wenyewe. "Anakula sana. Amenenepa."

"Na huu umenona. Tazama majani." Pa… pa… "Majani hayana habari. Chakula hupikwa juu, kisha hushuka ndani ya gome mpaka mizizini. Ukiikata njia pande zote, juu kunashiba, chini kunakufa njaa. Baadaye na juu…"

Aliinama, akachota udongo mwingine.

"Kamtazame miguu," alinong'ona.

"Babu… hakuna dawa?"

"Njia iliyokatwa huunganishwa. Gome bichi, la aina ile ile, ukanda hata mmoja, kutoka juu ya pete mpaka chini yake. Lakini huu hauna mwenzake."

Nikageuka kutazama. Kweli, porini kote hakukuwa na mwingine. Nilipomgeukia tena, hapakuwa na mtu. Udongo kwenye pete ulikuwa mbichi, unachuruzika maji.

Hapakuwa na alama ya kiganja hata moja.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Kikapu na panga niliviacha huko huko. Kaka alikuwa amesharudi, yuko sebuleni na Mama, sahani ziko katikati yao. Mama alikuwa anatafuna kwa raha, uso umejaa, shingo inang'aa. Mtu angemwona angesema ni bibi harusi. Nikapiga magoti mbele ya mkeka, nikaingiza mikono chini ya khanga yake.

Miguu ilikuwa ya baridi. Ilikuwa myembamba, mikavu, ngozi imekunjamana juu ya mfupa. Nikafinya kidole gumba chake. Nikafinya kwa nguvu, mpaka kucha yangu ikazama.

Mama aliendelea kutafuna.

"Mbona umepiga magoti?" aliniuliza. "Umeangusha nini?"

Nikapandisha mkono mpaka kiunoni. Pale vidole vyangu vilipita juu ya kitu laini, chenye unyevu, kilichomzunguka pande zote. Harufu ile tamu ikanijia puani.

Nikamwita kaka jikoni.

"Ulichuna mti wote?"

"Punguza sauti. Ulitaka nichune kiganja kimoja, Mama afe?"

"Mama mmoja anakunywa gunia zima?"

Alitazama pembeni. Nikamweleza yote: mzee, miguu, pete, ukanda wa gome bichi. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Siku hiyo alikuwa ameshakwenda kwa fundi cherehani, mmoja wa wateja wake, akamkuta ameketi mbele ya mashine yake ya kukanyaga, mnene, mchangamfu, mashine kimya. Fundi alimwambia miguu imekuwa mizito kidogo tu.

"Kwa hiyo gome la aina ile ile…" alinong'ona.

"Ngozi," nikasema. "Ya mtu. Tumtolee Mama, mimi na wewe."

Kaka alijipapasa ubavu. Nilimwona akiwaza, na nilimwona alipomaliza kuwaza.

"Dada, mimi nina watu wa kuwahudumia. Nikilala mimi, nani atawatibu?"

Akarudi sebuleni kumalizia chakula chake. Ndugu yangu wa tumbo moja. Nikasimama pale jikoni nikimchukia, na chuki ile ilinisaidia, kwa sababu mtu mwenye hasira hasikii maumivu sana. Nikachemsha wembe. Nikauma kitambaa. Ukanda niliokata ubavuni mwangu haukuzidi urefu wa kiganja, lakini nilipoumaliza sakafu yote ilikuwa inateleza.

Nilimwambia Mama ni dawa ya kubandika. Nikamlaza, nikaweka ukanda juu ya pete, ncha moja juu na nyingine chini, nikaufunga kwa kitambaa safi.

Alfajiri nilisikia sauti sakafuni.

Shwa… shwa… shwa…

Zilikuwa nyayo zake. Mama yangu alikuwa anatembea. Nikalia, sitaficha, nikalia kwa furaha huku nimeshika ubavu uliokuwa unawaka moto. Alifungua mlango, akatoka uani kwa miguu yake, na majirani waliokuwa wanafagia wakaacha mifagio.

"Kijana wangu ameniponya!" Mama aliwapazia sauti. "Jamani, aliyezaa mwanamume hafi!"

Kaka alisimama kando yake, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Hakuniangalia. Mama aliniita niwapikie wageni chai.

Nilipika. Jeraha lilivuja, nikabadilisha kitambaa, nikaosha vikombe. Mchana nilijilaza kidogo, nikasikia habari zinavyopita mtaani, mlango hadi mlango, kwamba aliyekuwa hawezi kusimama amesimama.

Jioni wakaja.

Fundi cherehani aliletwa kwenye mkokoteni, anacheka, mashavu tele, miguu imening'inia mbele yake inagongana kama kuni. Mwenye duka la mkaa alibebwa kwenye kiti. Mwanamke mmoja mjamzito alikuwa anajikokota kwa viganja. Nyuma yao walikuwepo wengine ambao sikuweza kuwatambua gizani, na harufu ile tamu iliwatangulia, ikajaa uani, ikaingia mpaka jikoni nilipokuwa.

"Tumesikia Mama anatembea," fundi alisema. "Daktari, alitumia nini? Nasi tupe."

Nilitaka kutoka niwaambie kila mtu akamwombe nduguye. Niliinuka. Kizunguzungu kikanishika, nikajiegemeza ukutani.

"Karibuni, karibuni ndani," nilimsikia kaka akisema. "Dawa ipo."

Nikamsikia akimnong'oneza Mama. Kisha hatua zake zikaja jikoni. Alisimama mlangoni na wembe mkononi, umeshachemshwa, na nyuma yake alisimama Mama, ameshika kitambaa safi, ananitazama kwa huruma.

"Wewe ni mzima, mwanangu," Mama alisema. "Legea tu."