Neno Alilolikubali Kathure

Harufu ya ubani ilianza asubuhi, katika chumba cha rekodi ambamo hakuna aliyewahi kufukiza kitu. Kathure akafungua dirisha, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi, naye aliifanya kizembe. Madaktari wa hospitali ile ndogo ya Isiolo waliandika maradhi kwenye kompyuta, na programu ikapiga mstari mwekundu chini ya neno isilolijua. Kathure alilikataa au alilikubali liingie katika kamusi ya programu, basi. Wiki iliyopita daktari aliandika maneno ya Hawo wa Kiwanjani kama alivyoyasema: bintiye Ardo ana jini. Mstari mwekundu ukatokea. Hawo, aliyekuwa amesimama dirishani, akamsihi Kathure asilikubali. Kwao jini hakubaliwi kwa jina kabla sheikh hajafika. Ukimkubali, umempa makao. Kathure akacheka. Njaa ilikuwa inamuuma, akabonyeza "kubali" na kwenda zake kula.

Jioni hiyo Ardo aliamka mzima, akaomba chai.

Leo mstari mwekundu ulikuwa chini ya nimonia, neno ambalo programu ililijua tangu zamani. Pendekezo lilikuwa moja tu: jini. Faili ilikuwa ya mzee Gichunge. Kathure alikataa, likarudi, akakataa tena, na kabla hajainua kidole mzee akaanza kucheka kule wodini, kicheko cha msichana, kikapanda na kupanda hadi manesi wakatoka mbio, kisha kikakatika, na Gichunge alikuwa amekufa.

Faili nyingine ikajifungua yenyewe. Ilikuwa ya Mwendwa, mwana wa pekee wa Kathure, aliyelazwa jana kwa malaria. Neno malaria lilikuwa na mstari mwekundu. Kutoka wodi ya watoto, kicheko kikaanza polepole.

"Unataka nini?" Kathure alinong'ona.

Kitu kikapumua shingoni mwake. "Makao," kikasema kwa sauti ya Gichunge. "Chagua wewe."

Aliijua nyumba moja kilikowahi kukaa. Akafungua faili ya Ardo, akaandika jini pale palipoandikwa amepona, akabonyeza "kubali." Kicheko kikanyamaza. Mwendwa akasikika akimwita mama, anataka uji.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Hawo, na kidumu cha maziwa ya ngamia.

"Mama Mwendwa, ulinicheka, lakini ni mkono yako ilimtoa kwa Ardo. Mungu akulipe."

Kathure akapokea maziwa kwa mikono miwili. Simu ya Hawo ikalia, akaiweka sikioni, akatabasamu.

"Ni Ardo," akasema. "Hebu sikia vile anacheka."